Kumrudisha Selemani Kinondoni

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za wodi na sare mbili za kaki, moja imechanika kwapani. Karani alizikagua kwa makini, kana kwamba ningeiba kaptula ya serikali nikaivae harusini. Tangu hapo nipo nyumbani kwangu Temeke, na ninyi vijana niliowaacha kazini mmekuwa mkija kuniuliza namna ya kumlisha anayekataa kula na kumwogesha asiyetaka maji. Hayo wodi itawafundisha, na wakati mwingine itawafundisha kwa makofi. Mimi nitaandika jambo ambalo hakuna daktari wala karani atakayewafundisha, nalo ni kumrudisha mtu kwao. Naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la nne, na mkono wangu umezoea ufunguo kuliko kalamu. Mnivumilie.

Niliingia kazini nikiwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nilikwenda hospitali kuomba utarishi. Karani wa wakati ule, mtu mnene mwenye miwani, aliniuliza, "Unawaogopa wendawazimu?" Nilitaka kusema ndiyo, lakini haya zilinishika, nikabaki kutazama vidole vya miguu yangu. Akamwambia mwenzake, "Huyu haogopi, hata jicho hakupepesa." Ndivyo nilivyopata kazi.

Wodi yetu ilikuwa jengo refu la bati nyuma ya mahali pa kufulia nguo za hospitali. Madirisha yalikuwa na vyuma, mabakuli yalikuwa ya bati, na vijiko havikuwapo. Wagonjwa waliletwa na askari, au na ndugu zao wakiwa wamefungwa kamba, au juu ya lori la mkaa. Wengi walikuwa watu waliosikia sauti ambazo wengine hatuzisikii, au walioamini kwamba jirani anayasoma mawazo yao na kuyatangaza sokoni. Daktari Mwingereza alikuwa na jina lake la ugonjwa huo. Mjini walikuwa na jina moja tu, vichaa, na sisi tuliowahudumia tukaitwa watu wa vichaa.

Mama mwenye nyumba niliyopanga, siku alipojua ninakofanya kazi, alinitengea kikombe. Kilikuwa kikombe cha bati chenye mkono uliong'oka, akakiweka peke yake dirishani. Nilipopeleka posa yangu ya kwanza, nikajibiwa kwamba binti bado mdogo. Mwezi uliofuata binti huyo aliolewa na muuza samaki. Mnajua desturi yetu, kwamba kabla ya kupokea posa au kuipeleka, wazee huchunguza ukoo kama kuna ukoma, kifafa au wazimu. Mimi ukoo wangu ulikuwa safi, lakini waliona kwamba kazi yangu imenitia doa. Mwishowe nilimuoa mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali, ambaye naye posa zilikuwa zikifika mlangoni kwao na kugeuka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kashindye, Mnyamwezi aliyebeba mizigo katika vita vya Mjerumani na kubaki pwani. Siku ya kwanza alininyang'anya funguo, akazizungushia kitambaa, kisha akanirudishia.

"Kijana, funguo zisilie," alisema. "Mtu anasikia sauti mchana kutwa. Wewe umwongezee nyingine za nini?"

Alinifundisha nisisimame nyuma ya mgonjwa, na nimwite kwa jina lake na la baba yake, hata akinitemea mate. Lakini kwenye kurudisha watu ndiko alikokuwa fundi hasa. Sheria ya wodi ilikuwa kunyoa kila kichwa kwa ajili ya chawa, na mjini upara ule ulijulikana. Basi mtu akikaribia kutoka, Mzee Kashindye alimficha asionwe na kinyozi mpaka nywele zirudi. Sare tulivua, tukavaa kanzu. Tena hakukubali mtu aende mikono mitupu.

"Wewe ukitoka safari unaingia kwenu hivihivi?" aliniuliza. "Basi na huyu asiingie hivyo. Abebe kitu, hata kama ni muhogo."

Si kila safari yetu ilikuwa ya kurudisha. Nyingine zilikuwa za kuchukua. Kimara, wakati ule msitu na mashamba kando ya barabara ya Morogoro, tulimkuta kijana kwenye kibanda nyuma ya nyumba, mguu wake umepitishwa katika mkatale, yaani gogo lililotobolewa na kupigiliwa ili asitoke. Alikuwa humo tangu mvua za mwaka uliotangulia. Nilitegemea kuwakuta wazazi wakatili. Nilimkuta mama anayelilainisha tundu la gogo kwa mafuta ya nazi kila asubuhi ili lisimchubue mwanawe, na baba aliyetuuliza kwa heshima kama serikali inalitaka na gogo pia. Gogo tuliliacha. Kijana alifia wodini, maana mguu ulikuwa umeshaoza. Nilipopita tena Kimara, gogo lilikuwa mlangoni na watu walikuwa wamelikalia wakinywa kahawa.

Sasa nije kwa Selemani.

Selemani alikuwa mkwezi wa Kinondoni. Wakati huo Kinondoni ilikuwa minazi na nyumba za udongo zilizoachana, na wenye mashamba walimgombea kwa sababu hakuwa mvivu wala hakuwa na maneno mengi. Siku moja alikwea asubuhi asishuke. Walimwita, wakamtukana, wakamleta mkewe chini ya mnazi akalia. Selemani alibaki kwenye makuti mpaka jua likazama. Alinieleza baadaye kwamba watu wawili walikuwa wakizungumza karibu na sikio lake, wakisema yule anayelia chini si mkewe, na akishuka atachinjwa. Aliposhuka hatimaye alikuwa ameshika panga lake la kazi. Hakumkata mtu, lakini nani angesubiri kuhakikisha?

Kinondoni wakapata maelezo yao haraka. Minazi mingi ilikuwa na kago, dawa ambayo mwenye shamba huifunga ili mwizi wa nazi adhurike. Wakasema Selemani kaiba, na kago limempata. Kwa hiyo alipoletwa wodini na kaka yake Juma, mikono ikiwa nyuma na kamba ya mnazi vifundoni, alikuwa ameshakuwa kichaa na mwizi kwa siku moja.

"Mie sikuiba," aliniambia kila nilipompa uji. "Kaka Idi, waambie sikuiba."

Mama yake alikuja kumwona mara chache, kisha hakuja tena. Wodi ilipojaa, daktari aliwapeleka baadhi ya wagonjwa kwa treni kwenye hospitali kubwa ya bara, Selemani miongoni mwao. Vita vya Hitla vikaja vikaisha. Mzee Kashindye akastaafu, akarudi kwao, na kazi ya kurudisha watu ikabaki kwangu.

Siku moja treni ya bara ikamleta Selemani. Alikuwa amekonda, ana mvi mbili tatu, lakini alinisalimu kwa jina langu na kuniulizia Mzee Kashindye.

"Na wale wawili?" nilimuuliza. "Wapo bado?"

"Wapo. Wanasema weee, wanachoka. Mie siwajibu."

Daktari alisema anaweza kurudi kwao, na akanipa maagizo. Ndugu wa damu amkubali mbele yangu na kuweka dole gumba la wino. Asipopatikana wa kumkubali, Selemani arudi bara kwa treni ya kesho yake, na huko atakaa moja kwa moja, kwa kuwa hospitali haikuwa na nafasi ya kuwasafirisha watu huku na huku kama magunia. Selemani alikuwepo wakati maneno hayo yanasemwa. Alisema tu, "Mama atanikubali."

Tuliondoka baada ya adhuhuri, mimi na kanzu yangu na kidau cha wino mfukoni, yeye na kofia na shati lililofuliwa na mke wangu. Njiani alisimama kununua tambuu, majani mabichi na popoo na chokaa kidogo, akavifunga vizuri kwenye jani la mgomba, kwani mama yake alikuwa hodari wa kutafuna. Aliniambia hatakwea tena. Angesuka makuti. Makuti unasuka ukiwa umekaa chini, na watu wanakuona, hawana sababu ya kuogopa. Alikuwa ameyafikiria haya kwa muda mrefu huko bara. Mkewe hakumtaja.

Penye kisima cha Kinondoni mwanamke mmoja aliinua macho, akaachia ndoo.

"La ilaha illallah! Sele!"

Alipiga kelele, watu wakatoka majumbani. Hawakutukaribia. Walisimama mbali kama wanavyosimama watu waliomwona nyoka, na mwanamume mmoja akatuzuia kwa fimbo.

"Asipite! Avue viatu kwanza, tuone miguu."

Nyote mnajua kwamba jini likijigeuza mtu, miguu hubaki ya punda. Sikuelewa kwa nini wamdhanie jini mtu anayerudi kwao mchana kweupe. Kijana mmoja akaninong'oneza, "Bwana, huyu sie tulimsomea hitima. Kaka yake alileta habari kwamba kafia bara. Arubaini tumekula. Mkewe kakaa eda mpaka ikaisha, kaolewa Kibamba, ana watoto."

Nilimtazama Selemani. Alikuwa amesikia. Alikaa chini, akavua makubadhi yake, akanyoosha miguu mbele ya watu. Bibi mmoja mzee, Bi. Kidawa, ndiye aliyethubutu kusogea. Alikamata unyayo, akaubonyeza kwa kidole katikati, pale penye sugu ngumu anayoipata mtu aliyekanyaga vidato vya mnazi tangu utotoni.

"Miguu ya mtu," alisema. Akaongeza kwa sauti ndogo, "Tena ya mkwezi."

Nilidhani sasa watamkumbatia. Walirudi nyuma hatua nyingine.

"Afadhali lingekuwa jini," alisema yule wa fimbo. "Jini linasomewa likaondoka. Kichaa utamsomea nini?"

"Lile panga kaliacha wapi?" mwingine akauliza, na wawili watatu wakacheka.

Juma akaja mbio kutoka nyumbani kwao. Alipomwona mdogo wake amekaa mchangani bila viatu, aligeuka kutazama upande wa barazani. Alinishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya nyumba, karibu na jiko.

"Umekuja kuniua?" aliniuliza. "Leo? Umeikosa siku nyingine yote?"

"Nimemleta ndugu yako. Amepona kiasi cha kuishi na watu."

"Na watu wapi? Bwana, sikiliza. Tuna mdogo wetu, Mwanahawa. Posa mbili zimekuja, zote zikavunjika. Wanafika mpaka kisimani, wanaambiwa, nyumba ile ina kichaa, basi wanageuza. Mama analia, binti anazeeka jikoni. Nikasema Sele kafa kwa homa bara. Mtu akifa kwa homa hakuna anayeuliza zaidi. Nilipomuua kwa mdomo wangu, posa ya tatu ikaja. Mshenga yupo barazani hivi sasa, katoka Tabata, tunamalizia maneno. Ndoa ni Ijumaa."

"Na hawa wa kisimani?"

"Wa kisimani wanajua alikuwa kichaa, ila tangu afe wananyamaza. Wana mabinti wao pia."

Nilimwonyesha kidau cha wino. Nilimweleza kwamba bila dole gumba lake Selemani anarudi bara kesho, na hataletwa tena. Juma alikitazama kidau kile kana kwamba kina sumu.

"Kesho kutwa atapanda tena juu ya mnazi," alisema. "Utakuja wewe kumshusha?"

Niliweza kumwahidi kwamba Selemani ni mpole, lakini kwamba wale wawili hawatamshinda tena, hilo hata daktari hakuliahidi. Nilipogeuka nikamwona Selemani mwenyewe amesimama kwenye pembe ya ukuta, makubadhi mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alisikia ya kutosha.

Mshenga akatokea upande wa pili, mzee mwenye kanzu nyeupe na bakora. Kelele zilikuwa zimemtoa barazani.

"Kulikoni huku, Bwana Juma? Nasikia watu wanamtaja marehemu. Na huyu ni nani waliyemvua viatu?"

Nyuma yake walikuwa wamekusanyika wale wa kisimani, na Bi. Kidawa. Hakuna aliyefungua mdomo. Kazi yangu ilinitaka niseme, nami nilikuwa navuta pumzi ili niseme, haya zangu nikiwa nimezimeza, Selemani akanitangulia.

"Mie naitwa Hamadi, mzee. Shikamoo. Nilikuwa bara na marehemu Selemani. Tulifanana, hata huko walikuwa wakitukosea. Watu hapa wamenidhania ndiye, wakaogopa. Wana haki."

"Marahaba," alisema mshenga. "Kumbe. Na umeleta nini?"

"Salamu zake kwa mama yake. Nimechelewa tu."

Mama alikuwa ameshatoka jikoni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kaniki yake imefifia, mikono ina unga. Selemani alimwamkia. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kama mama yeyote wa pwani anavyomwitikia kijana yeyote. Kisha akauliza, sauti yake imenyooka.

"Ulikuwepo alipokufa?"

"Nilikuwepo, mama."

"Aliteseka?"

"Hapana. Alilala tu."

"Na ile homa? Ilimtoka kabla?"

"Ilimtoka, mama. Mwishoni alikuwa mzima. Alikuwa akikutaja. Akasema nikija nikuletee hii." Akamnyooshea kile kifurushi cha tambuu.

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Vidole vyake viligusa vidole vya mwanawe, vikakaa hapo, halafu akakifunga kifurushi kwenye pindo la kaniki na kuzungusha fundo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Mungu amrehemu," alisema mshenga, ambaye alikuwa mtu mwema, nami sina neno baya juu yake. "Mgeni katoka mbali na salamu za maiti. Tumsomee ndugu yetu Fatiha."

Wakainua mikono wote, wa kisimani, yule wa fimbo, Bi. Kidawa, Juma, mama. Selemani akaweka makubadhi chini, akainua mikono yake pia, akaisoma pamoja nao hadi mwisho, akajifuta uso. Juma alipojifuta uso wake, viganja vilibaki huko.

Mgeni aletaye salamu za msiba hapewi ruhusa ya kuondoka bila kula. Mama alimletea wali kwa mkono wake mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka alipomaliza. Mwanahawa alichungulia mara moja nyuma ya pazia, akavutwa ndani. Kisha tukaaga, na mama akasema, "Nenda salama, Hamadi."

Tulipoanza kuona mabati ya mjini Selemani akaniuliza, "Kaka Idi, Fatiha ukijisomea mwenyewe inafika?"

Nilimwambia sijui, labda tumuulize shehe. Akasema hakuna haja.

Daktari aliponiona narudi naye alitikisa kichwa, akasema watu hawa hawana huruma na ndugu zao. Kiingereza cha kumweleza sikuwa nacho, na sina hakika kama hata Kiswahili cha kumweleza nilikuwa nacho. Kesho yake nilimpandisha Selemani kwenye treni. Alinirudishia kofia, nikamwambia akae nayo.

Tangu siku ile niliibadilisha kazi, nanyi naomba mfuate. Kabla ya kumrudisha mtu, nenda kwao peke yako kwanza. Kaa kwenye kahawa, nunua nazi, piga soga, usikilize kama bado yu hai. Mara mbili baada ya Selemani niliwakuta wengine waliokwisha zikwa kwa maneno, na mmoja, watu wa kwao walikuwa wameshagawana mashamba yake. Mkimkuta yu hai kwao, hapo ndipo mfikirie kanzu na kofia na cha kubeba. Na msiwachukie jamaa zao upesi. Mimi niliwachukia, nikachoka, kisha nikakumbuka kwamba hata mie muuza samaki alinishinda.

Mwanahawa aliolewa Ijumaa ile. Nasikia ana watoto, na kwamba mama yake alihamia kwake Tabata, akafia huko.

Kabla kidogo sijastaafu, mhudumu mwenzetu wa bara alishuka na wagonjwa, akanipa habari kwamba Selemani amefariki, kwa homa kweli safari hii. Kwa desturi ya kazi yetu habari ya namna hiyo hupelekwa kwa ndugu na mhudumu aliyemfahamu. Nilivaa kanzu nikatoka. Nilifika njia inayokwenda Kinondoni, nikasimama hapo, nikafikiri nitabisha hodi kwa nani na kumwambia nini, ilhali msiba wake walikwisha uomboleza, arubaini ikaliwa, na eda ikakaliwa mpaka ikaisha. Nikageuza.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Akatandika jamvi mlangoni, akajitanda kanga, tukakaa sisi wawili mpaka alasiri. Majirani walipita, wakatuamkia, wakauliza habari za mchana. Hakuna aliyetupa pole, kwa kuwa hakuna aliyejua tumefiwa.